Pole Kabla ya Pigo

Atupele Mwaisaka alikuwa akilipwa kupiga. Ndivyo alivyowajibu watu kwenye harusi na vikao vya ukoo walipomwuliza kazi yake, na walipocheka alicheka nao, kisha akabadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba hakuwa na ubavu wa kumpiga hata kuku aliyeingia jikoni. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya sanduku la chuma katika chumba namba tatu cha Taasisi, huko juu kwenye vilima vya Mbeya ambako Juni humvalisha mtu sweta mbili chini ya koti jeupe, na kubonyeza kitufe. Kitufe kilisukuma hewa chini ya utando wa silikoni. Utando ulivutika na kurudi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Juu ya utando huo kulikuwa na kinundu cha ubongo, kidogo kama punje ya dengu, kilichooteshwa kutokana na damu ya mtu aliye hai na anayetembea mjini. Lile pigo la hewa lilikuwa ndiyo ngumi, au ndiyo lami, ikiwa mwenye damu alikuwa dereva wa bodaboda.

Jumatatu hiyo asubuhi alitoa kwenye kabati la joto trei yenye kifuniko cha buluu, akaiweka mahali pake. Kinundu namba saba. Kwa utaratibu hakupaswa kujua damu ilikuwa ya nani, lakini utaratibu haukumzuia kumsindikiza mdogo wake, Lusajo, siku alipokuja kutolewa damu, wala haukumziba macho namba ilipobandikwa kwenye kichupa. Namba saba ilikuwa ya Lusajo, bondia wa uzito mwepesi, mwenye mdomo mrefu kuliko mikono.

Dokta Mbonea, mkuu wa maabara, alikuwa ameomba picha ndefu ya umeme wa kinundu kwa ajili ya kuwaonyesha wageni. Siku zote rekoda iliwaka yenyewe pigo linapotua, kwa kuwa kilichotafutwa ni madhara ya baadaye. Safari hii Atupele aliiwasha mapema. Kwenye skrini mstari wa kijani ulianza kurukaruka, ukipanda na kushuka bila mpangilio, kama wanawake wanaopiga soga sokoni. Alitabasamu. Alipenda kukiona kikiwa hivyo.

"Pole," alisema, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

Mstari ukalala.

Kidole kilikuwa kimeshaanza kushuka, na hewa ikapiga. Mstari ulibaki umelala kwa muda, kisha ukaanza kurukaruka tena, kidogokidogo. Atupele aliitazama saa ya kwenye skrini. Akarudisha rekodi nyuma, akaitazama tena. Ukimya ulikuwa umeanza sekunde moja nzima kabla ya pigo.

Alikagua nyaya. Alizima mashine, akaiwasha. Alisubiri soga lirudi, akaondoa kabisa mkono wake mezani na kuupakata.

"Pole," alisema.

Mstari ulilala, na haukuinuka kwa karibu dakika moja. Hakuna aliyepiga. Kinundu kilikuwa kimenyamaza kikisubiri.

Jasho jembamba lilimtoka Atupele mgongoni, katika chumba ambacho Erasto, mwenzake, alikuwa akilalamika kila siku kwamba kinafaa kutunzia nyama. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini hasa. Alijaribu kusema "karibu." Alijaribu "habari za asubuhi." Alihesabu moja hadi kumi kwa sauti. Mstari uliendelea na soga lake. Akasema tena lile neno, taratibu, akitamani akosee. Soga likakatika.

Neno hilo halikuwa sehemu ya kazi. Hakuna mwongozo uliolitaja. Atupele alikuwa amelelewa na mama asiyeweza kumpita mtu aliyebeba ndoo bila kumpa pole, na siku yake ya kwanza maabara, miaka minne nyuma, alipoambiwa abonyeze kitufe, lilimtoka lenyewe. Likawa mazoea. Alikuwa akilisema kabla ya kila pigo, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Erasto alimtania hadi akachoka. "Hivyo vitu vyako vinakusikia kwa sikio lipi?" alikuwa akimwuliza.

Sasa vilikuwa na sikio. Vinundu vya mwaka huu viliungwa na chembe chache za sikio la ndani, kwa sababu watu waliogongwa kichwa hulalamika masikio kuvuma, na Dokta Mbonea alitaka kujua kwa nini. Chembe hizo hazikusikia maneno. Zilihisi mtetemo wa sauti ukipita mezani na kwenye maji ya trei. Hiyo ilitosha. Mara nne kwa wiki, kwa miezi mitano, mtetemo mmoja ulikuwa ukija, na nyuma yake pigo.

Aliita Erasto. Alikuja na vipokea sauti vyake masikioni kama kawaida. Siku zote alipiga trei zake huku akisikiliza mpira wa miguu, na hakuwahi kuziambia neno.

"Sema pole," Atupele alimwambia.

"Nani kafa?"

"Sema tu, Erasto."

Alisema. Mstari ulisita kidogo, ukaendelea. Atupele akasema yeye. Mstari ulilala chali.

Erasto aliondoa vipokea sauti masikioni, kimoja, kisha cha pili. "Kinakujua," alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Wakatazamana, kisha wote wawili wakageuka kuangalia rafu. Upande wa kushoto kulikuwa na trei za vifuniko vya buluu. Hizo zilikuwa za Atupele. Upande wa kulia kulikuwa na vifuniko vyeupe, vya Erasto. Hakuna aliyewaambia wagawane hivyo. Walijipangia wenyewe, mwezi wa kwanza, ili wasichanganye trei, wakajiona werevu. Hawakujua wakati huo rangi ipi ilikuwa na dawa na ipi ilikuwa na maji matupu; ndivyo utafiti wa haki unavyofanywa. Walijua wiki iliyopita tu, matokeo yalipotangazwa na keki ikakatwa. Buluu ndiyo ilikuwa na Ngao, dawa ya kukinga ubongo usidhurike kwa mitikisiko midogo. Trei za Ngao zilikuwa zimestahimili mapigo vizuri mno. Zile za maji zilikuwa zimeharibika.

"Mungu wangu," Atupele alisema kwa sauti ndogo. "Labda si dawa."

*

Jeraha dogo la ubongo halivunji fuvu wala halitoi damu. Mtu huanguka, huinuka, hucheka, huomba maji. Ndani, mikia mirefu ya chembe za neva imevutika kwa ghafla, na milango midogo iliyo kwenye kuta zake imeachama. Chumvi huingia pale isipotakiwa. Baada ya saa chache mikia huvimba vifundo, kama uzi uliotungwa shanga, na kila kifundo ni mahali ambapo habari haipiti tena. Pigo moja hupona. La pili likiwahi, halisameheki. Kazi ya Erasto na Atupele, baada ya kila pigo, ilikuwa kukaa kwenye hadubini na kuhesabu vifundo katika kila mikia mia moja. Trei za maji zilitoa sitini. Trei za Ngao zilitoa kumi na mbili.

Yote hayo Dokta Mbonea Kiluvia aliyajua kuliko mtu yeyote nchini. Alimsikiliza Atupele bila kumkatiza, miwani ikiwa imesukumwa juu ya kipaji cha uso, chai yake ikipoa. Alikuwa mwanamke wa Upareni, mkavu wa maneno, na wafanyakazi wake walimwogopa kwa heshima.

"Unasema vinundu vyako vinafunga milango kabla hujapiga," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Dokta. Vinanyamaza. Chumvi haiingii kwa wingi. Ndiyo maana vifundo ni vichache. Vya Erasto havijui pigo linakuja lini, basi vinaumia."

"Kwa sababu wewe huviambia pole."

"Ndiyo, Dokta."

Nje ya dirisha mtunza bustani alikuwa akikata ua.

"Atupele, nikuulize. Pole yako naiandika kwenye ripoti ukurasa wa ngapi?"

Dokta alivuta kalenda ya mezani. Ijumaa saa nne asubuhi, watu arobaini na mmoja walitakiwa kupewa vyeti. Mwaka wa sita huo tangu sheria ya vinundu ipitishwe: mtu aliyezimia mara tatu kwa kupigwa au kugongwa kichwa haruhusiwi kurudi ulingoni, uwanjani au kwenye pikipiki ya abiria, mpaka kinundu chake kipigwe maabara na kufaulu. Mabondia kumi na wanane. Madereva ishirini na wawili. Golikipa mmoja wa kike aliyegongana na mwamba wa goli. Wote wangemeza Ngao asubuhi, na wote wangerudi kupigwa wakiamini wamekingwa. Jina la Lusajo lilikuwa la kumi na nne. Pambano lake lilikuwa Jumamosi.

"Nikisimamisha vyeti kwa maneno matupu, baraza linalosimamia vyeti kule Dodoma litavitoa bila mimi," Dokta alisema. "Wana matokeo mkononi, na yamesainiwa na mimi. Nahitaji matokeo mengine yaliyo kinyume. Kinundu kilekile kilichofaulu, dawa ileile, pigo lilelile, bila onyo. Mara tatu, tuone vifundo. Vingapi vya buluu vimebaki hai?"

"Kimoja. Vingine tulishavikata kwa ajili ya picha." Atupele alimeza mate. "Namba saba."

"Basi namba saba."

"Dokta, kinaogopa."

Dokta Mbonea alishusha miwani. "Kinafanya kitu kinachofanana na kuogopa," alisema. "Sijui kama ni kuogopa. Wewe hujui. Tungekuwa na mwaka, tungeuliza. Tuna mpaka Alhamisi."

"Erasto apige."

"Erasto hakukifundisha chochote. Kama ngumi itatoka kwa mtu mwingine, baraza litasema tumebadilisha mpigaji, ndiyo maana matokeo yamebadilika. Ni lazima uwe wewe, kila kitu kama siku zote, ila ufunge mdomo."

Atupele aliinuka. Mlangoni aligeuka kutaka kusema neno, lakini Dokta alikuwa ameshaanza kunywa ile chai baridi, na mkono wenye kikombe ulikuwa ukitetemeka.

*

Lusajo alipanda mlima Jumatano baada ya mazoezi, amejifunga taulo shingoni, kumwuliza dada yake kama anaweza kumchukulia cheti mapema ili akwepe foleni. Atupele alimkalisha kwenye benchi la koridoni, akamweleza yote. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya kila alipofika kwenye neno lenyewe.

"Dada Atu, acha masihara," Lusajo alisema. "Mimi niko fiti. Mwezi mzima kichwa hakijauma."

"Njoo uone."

Alimwingiza chumba namba tatu, akamketisha mbele ya skrini. Mstari wa kijani ulikuwa ukirukaruka. Lusajo alikisogelea kinundu, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha kinga.

"Hiki ndicho mimi?"

"Si wewe. Ni damu yako iliyofundishwa kuwa ubongo."

"Sasa kama si mimi, ni nani?"

Atupele akasema, "Angalia," na akakiambia pole.

Soga lilikatika. Lusajo alirudi nyuma nusu hatua. Alisubiri, na Atupele naye akasubiri. Mstari ulipoinuka tena, Lusajo alikalia ncha ya kiti.

"Naijua hiyo," alisema.

"Unaijua nini?"

"Hiyo hali. Sumbawanga, ngumi ya raundi ya pili niliiona inakuja. Nikakaza shingo, nikauma kinga ya meno, kila kitu ndani kikanyamaza. Ikanipata, nikacheka. Ile ya raundi ya sita sikuiona." Alijipangusa uso kwa taulo. "Nilikuja kushtuka niko kwenye benchi namwita refa mama."

Watu wa nyumbani walikuwa wakiicheka hadithi hiyo kila Krismasi. Atupele hakuweza kucheka. Alikumbuka alivyosimama kando ya lile benchi, mdogo wake akimtazama bila kumfahamu, na hofu aliyokuwa nayo siku ile ikamrudia nzimanzima, kifuani, mahali palepale.

"Kesho natakiwa kukipiga," alisema. "Mara tatu, bila kukiambia. Kikiumia, vyeti vinasimama. Chako, na vya wale wengine."

"Na usipokipiga?"

"Keshokutwa saa nne unameza dawa isiyokinga kitu, Jumamosi unapanda ulingoni."

Lusajo alikuwa amefanya mazoezi miezi saba kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Mabango yenye picha yake yalikuwa yamebandikwa mjini kote, kutoka Soweto hadi Mwanjelwa, ngumi mbili mbele ya kidevu.

"Usikipige, dada," alisema.

"Lusajo."

"Sijasema habari za cheti. Nasema usikipige. Umekizoesha. Kinajua ukisema pigo linakuja, na usiposema haliji. Hakijui kitu kingine chochote duniani. Halafu unakivizia."

"Unaomba kwa ajili yake au kwa ajili ya Jumamosi?"

Alitaka kumkasirikia, Atupele aliona. Mishipa ya shingo ilimtoka. Lakini Lusajo hakuwa mwongo, tangu utotoni alikuwa hawezi. Uongo ulikuwa ukimdondoka mdomoni.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui. Vyote viwili labda." Alisimama. "Lakini kinaogopa, na wewe umekiona."

Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia dada yake maishani.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Atupele aliweka trei mahali pake. Alitia Ngao kwenye maji yake, kipimo kilekile. Alisubiri dakika arobaini dawa iingie, mikono katikati ya mapaja, akitazama mstari ukipiga soga. Dokta Mbonea alikuwa amesimama nyuma yake na daftari. Erasto alikuwa kwenye hadubini, bila vipokea sauti.

Alijua akishindwa kubonyeza nani ataumia. Alimjua kwa jina, alimbeba mgongoni akiwa na miaka miwili. Wale arobaini wengine hakuwajua, lakini nao walikuwa na dada zao. Hesabu haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kwamba kitu kilichokuwa mbele yake hakikuwa kimemkosea mtu, na kwamba kwa miezi mitano yeye ndiye aliyekuwa kitu pekee cha haki katika maisha ya kinundu hicho, pamoja na mapigo yake yote. Alionya kila alipotaka kuumiza. Sasa alitakiwa kukinyang'anya hicho nacho.

Neno lilimpanda mpaka kwenye meno. Aliuma ulimi.

Akabonyeza.

Mstari haukulala kabla. Ulikuwa katikati ya soga pigo lilipotua, na ulichofanya hakuwahi kukiona: uliruka juu hadi ukingo wa skrini, ukabaki huko ukitetemeka. Atupele alifunga macho.

Kwenye hadubini, baada ya saa tatu, Erasto alihesabu mara mbili. "Hamsini na nane," alisema.

Na dawa ilikuwamo ndani. Dokta Mbonea aliandika bila kuinua kichwa.

"Hatuwezi kuishia hapo?" Atupele aliuliza.

"Moja ni ajali. Mawili ni mjadala," Dokta alisema. Kisha, kwa sauti aliyokuwa haitumii kazini: "Nisamehe, mwanangu. La pili."

La pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kinundu kilikuwa kimeacha kuamini utulivu. Soga halikurudi lote. Lilikuja vipandevipande, likikatika ghafla pasipo sababu, mtu alipokohoa, kiti kiliposogea, kikinyamaza na kufunguka, kikinyamaza na kufunguka, kikikisia. Atupele alilazimika kungoja kifunguke ndipo apige. Kukingoja ndiko kulikomtia hofu kuliko kitu chote alichowahi kukifanya, maana alijiona mwenyewe, kidole juu ya kitufe, akivizia. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Kilifunguka. Akabonyeza. Sitini na tatu.

La tatu lilitolewa saa tisa alasiri. Hakuna aliyesema neno kabla wala baada. Sabini na moja.

Dokta Mbonea alifunga daftari, akasaini, akampa Erasto apande basi la Dodoma jioni hiyohiyo, akalikabidhi baraza kwa mkono wake. "Namba saba kiwekwe hai," alisema. "Watataka kukiona. Miezi sita, labda zaidi. Huo ndio ushahidi wenyewe."

*

Ijumaa saa nne asubuhi vyeti havikutolewa. Watu arobaini na mmoja walisimama kwenye ua wa Taasisi wakasomewa barua fupi. Wapo waliotukana. Golikipa alikaa chini kwenye ngazi, akafunika uso.

Atupele hakuwaona. Alikuwa chumba namba tatu tangu asubuhi, mbele ya mstari uliolala. Mwanzoni alidhani kinundu kimekufa. Alitoka kumwita Dokta, na wote wawili waliporudi Dokta alitangulia kuingia, akakuta mstari ukirukaruka, kwa unyonge, lakini ukirukaruka. Atupele alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, na ukalala.

Walijaribu mara nne. Dokta akitembea, soga. Mtu wa usafi akiburuta ndoo, soga. Atupele akiwa bado koridoni, viatu vyake vikigusa sakafu, kimya.

"Hakisubiri neno tena," Dokta Mbonea alisema. Alikuwa amevua miwani na alionekana mzee. "Kinakusubiri wewe."

"Kitazoea?"

"Milango ikifungwa, sukari nayo haiingii. Ukikaa humu siku mbili, kitakufa njaa. Mtu mwingine akilishe. Mimi vidole vyangu umeviona, siwezi kushika kibomba cha matone." Aliinua mkono uliotetemeka, akaushusha. "Erasto anarudi Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa mbali. Atupele alitoka hadi mwisho wa koridoni, akakaa kwenye benchi lilelile, na hapo ndipo Lusajo alipomkuta. Alikuwa amepanda mlima kwa hasira, barua ikiwa imekunjwakunjwa kiganjani. Alikuwa na mengi ya kusema na alikuwa ameyapanga njiani. Alimtazama dada yake, akaketi.

"Ulikipiga," alisema.

"Mara tatu."

"Kiliumia?"

"Kama vile vya maji. Dawa haikufanya kitu."

Lusajo alifungua barua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Alitazama mikono yake. "Basi ningeumia na mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Kipo?"

Alimweleza. Mara hii alieleza vizuri, bila kurudi nyuma, kwa sababu hakukuwa na cha kuficha. Alipomaliza alimpeleka ofisini kwa Dokta, mbali na chumba namba tatu, akaweka mezani sahani ya maji na kibomba cha kioo cha matone, akamfundisha kunyonya tone na kulishusha ukingoni, siyo katikati, taratibu, bila kutikisa. Mikono ile iliyovunja taya za watu ilimwaga mara saba. Ya nane ikatulia. Dokta Mbonea alisimama pembeni, akatingisha kichwa kukubali.

"Mara mbili kwa siku," Atupele alisema. "Saa nne na saa kumi. Halafu uje hata ukiwa na hasira na mimi."

"Nina hasira na wewe."

"Najua. Uje tu."

Lusajo alivaa koti jeupe lililombana mabega, akaenda peke yake. Kutoka mwisho wa koridoni, kupitia kioo cha mlango, Atupele alimwona akikaa, akiinama, akishika kibomba kwa vidole viwili. Aliona midomo yake ikichezacheza. Alikuwa akiongea nacho, hakusikia nini. Skrini ilikuwa juu ya bega lake. Mstari wa kijani uliinuka, ukasita, ukaanza kurukaruka.

Lusajo aligeuka, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu juzi, akampungia mkono aje aone. Atupele alitikisa kichwa. Alisimama palepale bila kuinua hata kisigino, akasubiri mdogo wake amalize kulisha.